Mzigo wa Mwenzako: Mhadhara juu ya Dhima yenye Ukomo kwa Wanataaluma

Swali ninalolileta mbele yenu ni jepesi kulitamka. Mawakili wawili wameungana, wamekodi ofisi moja hapa Tabora na kutundika kibao kimoja mlangoni. Mmoja wao anaacha muda wa kukata rufaa upite, na mteja wake anapoteza shamba. Mteja ana haki ya kufidiwa. Hilo halina ubishi. Ubishi ni nani alipe, na kwa mali ipi. Kwa sheria yetu ya ubia, yule wakili wa pili, ambaye hakuligusa jalada hilo na pengine hakujua kama lipo, anaweza kudaiwa sawa na aliyekosea, mpaka nyumba yake ikapigwa mnada. Msimamo nitakaoutetea ni mmoja. Mwenye leseni ya kitaaluma abebe kosa lake mwenyewe lote, hadi senti ya mwisho, lakini kosa la mwenzake lisimfuate hadi nyumbani kwake. Sheria iwatengenezee wanataaluma chombo cha kufanyia kazi kinachotenganisha mambo hayo mawili. Na anayeumizwa zaidi na kukosekana kwa chombo hicho ni mwananchi wa Sikonge, Kaliua na Nzega, kuliko wakili yeyote wa Dar es Salaam.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Watu wengi wakishalipia ada kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na kupata cheti cha jina la biashara huamini kwamba wamefungua kampuni. Hawajafungua. Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 213, inaweka kumbukumbu tu kwamba fulani anafanya shughuli kwa jina fulani. Mtu ni yule yule, na deni la ofisi ni deni lake. Wakiwa wawili au zaidi wanaogawana faida, wanakuwa wabia, na hapo wanashikwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, yenye kanuni za ubia ndani yake: kila mbia ni wakala wa wenzake, analoahidi katika shughuli ya ubia linawafunga wote, na analoliharibu katika shughuli hiyo linawadai wote. Kampuni ni jambo jingine kabisa. Chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2006, kampuni huzaliwa siku msajili anapotoa cheti. Inakuwa na jina lake, mali yake na madeni yake, na mwanahisa akishamaliza kulipia hisa zake hadaiwi zaidi; hiyo ndiyo dhima yenye ukomo. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliikaza kanuni hiyo mwaka 1897 katika kesi ya Salomon, mtengeneza viatu wa London aliyeigeuza biashara yake kuwa kampuni, na mahakama za Afrika Mashariki zikaipokea.

Kanuni zetu za ubia nazo zina asili yake. Chini ya utawala wa Waingereza, Tanganyika ilitumia Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Mwaka 1961 tulitunga yetu, tukabaki na mpangilio ule wa zamani, ubia ukiwa sehemu tu ya sheria ya mikataba. India yenyewe ilikuwa imekwisha kuutoa ubia humo tangu mwaka 1932 na kuutungia sheria yake, na mwaka 2008 ikaongeza sheria nyingine ya ubia wenye dhima yenye ukomo. Tuliazima, mwenye kutuazima akasonga mbele, sisi tukabaki palepale.

Tukitazama taaluma zenye leseni hapa nchini tunakuta mambo yasiyolingana. Mhandisi anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kwa jina lake, lakini bodi hiyo hiyo inasajili pia kampuni za ushauri wa kihandisi, na mkandarasi anaweza kuwa kampuni mradi awe na mkurugenzi wa ufundi mwenye sifa zinazotambuliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Duka la dawa linaweza kumilikiwa na mtu asiye mfamasia, mradi mfamasia awe msimamizi. Tiba ina historia yake ya pekee: sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku hospitali za watu binafsi zinazotafuta faida, na marekebisho ya mwaka 1991 yakafungua mlango tena, hivyo leo daktari anaweza kuwa mwanahisa wa kampuni inayoendesha hospitali. Wakili hana njia hiyo. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamsajili mtu mwenye mwili na roho, hivyo ofisi ya mawakili ni ya mtu mmoja au ni ubia. Sioni sababu ya kimaadili inayoweza kueleza kwa nini daraja likianguka nyumba ya mhandisi mwanahisa asiyehusika inasalimika, lakini rufaa ikipitwa na muda nyumba ya wakili asiyehusika inauzwa. Tofauti hiyo haikutokana na hoja. Imetokana na kila taaluma kutungiwa sheria kwa wakati wake, bila mtu kuziweka mezani zote pamoja.

Wako watakaosema kwamba dhima yenye ukomo ni wazo la kigeni, la mabepari wa karne ya 19, lisilo na mizizi katika nchi hii. Ili kuwajibu lazima tuirudie njia ya misafara, maana mji huu ulijengwa juu ya swali hili hili. Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na pembe zao za ndovu tangu mwanzoni mwa karne ya 19, kabla wafanyabiashara wa pwani hawajajenga matembe yao Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, na kuifanya Unyanyembe kituo kikuu kati ya Bagamoyo na Ujiji. Msafara uliobeba mizigo ulikwenda polepole. Mpelelezi Mwingereza Burton aliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 akafika Kazeh tarehe 7 Novemba, safari ya zaidi ya miezi minne. Mpagazi alibeba takriban frasila mbili, kiasi cha kilo 32, za vitambaa vya merikani na kaniki, shanga au nyaya za masango, na kurudi na pembe. Bidhaa hizo, kwa sehemu kubwa, hazikuwa mali ya aliyeongoza msafara. Zilikuwa za mkopo kutoka kwa matajiri wa Unguja, kama nyumba ya biashara ya Jairam Shivji iliyokodi forodha ya Sultani kwa miaka mingi, na baadaye Taria Topan, aliyemkopesha mfanyabiashara wa pembe Tippu Tip. Aliyekopeshwa alitakiwa kurejesha pembe baada ya mwaka mmoja, miwili au zaidi, kwa thamani iliyopandishwa kufidia muda na hatari.

Deni hilo halikuwa na ukomo, na matokeo yake yanafundisha. Mwaka 1871 mtemi Mirambo alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe, njia ya Ujiji ilifungwa. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alilazimika kuzunguka kusini. Mfanyabiashara ambaye pembe zake zilikwama upande wa pili hakuwa amefanya kosa lolote. Hakucheza kamari, hakuiba, hakuzembea. Hata hivyo deni lilibaki kamili na kuzidi kukua. Watu wengi wa namna hiyo walichagua kutorudi. Walikaa Unyanyembe, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika miaka nenda miaka rudi, kwa sababu waliijua hesabu iliyowangoja Unguja. Waliobaki walikopeshwa kwa masharti makali zaidi, maana mkopeshaji alipaswa kufidia wale waliotoweka. Na kwa wanyonge deni liliweza kuufikia hata mwili, mtu akiwekwa rehani kama mali, katika njia ile ile iliyopitisha watumwa. Hapo ndipo ninapowaomba wasikilizaji watue kidogo. Tumezoea kudhani kwamba dhima isiyo na ukomo inamlinda mdai. Historia ya mji huu inaonyesha kwamba mara nyingi ilimfukuza mdeni mahali mdai asipoweza kumfikia, na mdai akaishia kupoteza mtaji na mtu pamoja.

Wakati huo huo, pwani ile ile ilikuwa na fundisho jingine, ambalo ni la kale kuliko sheria ya Uingereza ya mwaka 1855 iliyoruhusu kampuni zenye dhima yenye ukomo. Katika fiqhi ya Kiislamu mna mkataba wa mudharaba, ambapo mmoja anatoa mtaji na mwingine anatoa kazi, faida wanagawana kwa fungu walilokubaliana. Hasara ikija bila kosa la mfanyakazi, mwenye mtaji anapoteza mtaji wake na hapotezi zaidi ya huo, na mfanyakazi anapoteza jasho lake. Lakini mfanyakazi akivuka mipaka aliyowekewa, au akazembea, hasara inakuwa yake. Angalieni jinsi kanuni hiyo ilivyochongwa vizuri. Inatenganisha bahati mbaya na kosa, inamwekea ukomo asiye na kosa, na mwenye kosa inamwacha mikononi mwa kosa lake. Sisemi kwamba biashara ya misafara iliendeshwa hivyo. Kama nilivyoeleza, ilitawaliwa na mkopo. Ninachosema ni kwamba watu wa njia hii walikuwa na wazo hilo mikononi, limeandikwa na kufundishwa, na ndilo hasa ninaloliomba kwa wanataaluma wa leo.

Njia ya misafara ilituachia pia somo la usajili. Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, aliyefanya biashara Ujiji na kando za Ziwa Tanganyika, alimshtaki Tippu Tip baada ya enzi yao kupita, akidai kwamba walikuwa wabia na kwamba ana fungu lake katika mali. Watu wawili mashuhuri katika biashara ya bara walifika mbele ya mahakama za wageni wakibishana kama ubia ulikuwepo, na wa namna gani. Chombo chenye dhima yenye ukomo hakiwezi kuishi katika giza hilo. Anayetaka ngao lazima kwanza ajitaje hadharani: wabia ni nani, leseni zao ni zipi, mtaji ni kiasi gani, nani anasimamia. Ndiyo maana ninaona marekebisho ya mwaka 2020, yaliyozitaka kampuni ziwasilishe kwa msajili taarifa za wamiliki wake halisi, kuwa hatua inayosaidia hoja yangu. Kadiri daftari la msajili linavyokuwa la kweli, ndivyo sheria inavyoweza kutoa ukomo bila kuwadhuru watu wa nje.

Kuna ushahidi wa karibu zaidi, na kila aliyekulia mkoa huu anaujua. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge hupata mbolea na dawa kwa mkopo kupitia chama chake cha msingi, na chama hudhaminiwa na wanachama wote kwa pamoja. Msimu ukiisha, aliyevuna vizuri na kuuza sokoni hukuta makato kwenye malipo yake kwa ajili ya mwenzake aliyeshindwa kuvuna, au aliyetorosha tumbaku kwa mnunuzi wa pembeni. Mpango huo ulianzishwa kwa nia njema. Maskini asiye na hati ya kuweka rehani angepataje mkopo bila dhamana ya jirani? Lakini wakulima wamelalamika kwa miaka mingi kwamba aliyefanya kazi ndiye anayelipa. Walio hodari huanza kutafuta njia ya kutoka, au kujitenga na kuunda kikundi kidogo cha watu wanaoaminiana, na chama wanachokiacha kinabaki na walio dhaifu. Dhamana ya pamoja iliyokusudiwa kuwaunganisha watu inaishia kuwatawanya, kwa sababu kila mmoja anapima hatari ya jirani yake na kuona afadhali awe peke yake.

Hivyo ndivyo inavyotokea kwa wanataaluma, ila kwa ukimya. Wakili anayejua kwamba ubia utamfunga kwa makosa ya mwenzake hufanya jambo la busara: anakaa peke yake. Anakodi chumba chake, anaajiri karani wake, anatundika kibao chake. Anaweza kugawana pango na wakili mwingine, hata jina la jengo, lakini hawaungani. Dar es Salaam jambo hilo halionekani sana, maana mteja akikosa huduma kwa mmoja anavuka barabara. Mkoani ni tofauti. Ofisi ya mtu mmoja inafungwa mwenyewe akiugua, na akifariki majalada yanabaki kabatini, hati za viwanja vya watu zikiwa ndani na familia isijue ni za nani. Ofisi ya mtu mmoja haiwezi kuwa na bingwa wa ardhi, bingwa wa kodi na bingwa wa mikataba ya mazao. Mwenye ofisi analazimika kuwa yote, na mtu hawezi kuwa yote. Hawezi kumpeleka mbia mwingine afungue tawi Nzega au Igunga, kwa kuwa hataweza kumwona kila siku. Kijana anayeanza kazi hakaribishwi kuwa mbia. Anabaki mwajiriwa mpaka achoke, kisha anakwenda kukodi chumba chake naye. Mahakama Kuu ipo hapa Tabora, mashauri ya ardhi na mirathi yapo tele, vyama vya msingi vinahitaji watu wa kusoma mikataba na kunyoosha vitabu vya hesabu kabla mkaguzi hajafika. Kinachokosekana ni ofisi zenye ukubwa na uhai wa kuitosha kazi hiyo.

Nchi jirani zimekwisha kulitazama jambo hili. Kenya ilitunga sheria ya ubia wenye dhima yenye ukomo mwaka 2011, na Uganda iliingiza umbo hilo katika sheria yake ya ubia ya mwaka 2010. Uingereza yenyewe ilifanya hivyo mwaka 2000. Katika umbo hili ubia unasajiliwa na kuwa mtu kisheria, unamiliki mali, unashtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Mbia anakuwa wakala wa ubia, lakini hawi wakala wa mbia mwenzake. Madeni ni ya ubia. Na katika sheria ya Kenya, kama ilivyo kwa zile zilizofuata mfano huo huo, kuwepo kwa ubia hakumwondolei mbia dhima ya kosa alilolitenda yeye mwenyewe. Sentensi hiyo moja ndiyo moyo wa jambo zima, na ningependa ikija kwetu iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka na mteja.

Sasa pingamizi. La kwanza, na ndilo linalosemwa kwa hisia zaidi, ni kwamba wanataaluma wanataka kukimbia wajibu. Umbo hili, watasema, lilizaliwa Texas mwaka 1991 baada ya benki za akiba za Marekani kuanguka na wanasheria na wahasibu waliozihudumia kufuatwa na madai mazito. Ni kweli. Lilizaliwa hivyo, na sitaificha asili yake. Lakini tukiuliza nani aliyelindwa tunapata jibu lenye uzito. Mwaka 2002 Arthur Andersen, moja ya ofisi kubwa za wakaguzi wa hesabu duniani, yenye wafanyakazi wapatao 85,000, ilisambaratika kwa sababu ya kazi iliyofanywa kwa kampuni ya Enron. Ofisi yenyewe haikunusurika. Umbo lake la dhima yenye ukomo halikuiokoa, na wabia walipoteza mtaji waliouweka. Mbia aliyekuwa akikagua viwanda mji mwingine, asiyejua lolote kuhusu Enron, alipoteza kazi na mtaji. Je, haki ingetimia zaidi kama angepoteza na nyumba? Sijamwona bado mtu anayeweza kunionyesha jinsi gani.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi na linastahili muda. Wabia wanaobebana, inasemwa, huchungana. Ukiondoa hofu ya kulipia kosa la mwenzako unaondoa sababu ya kumkagua, na mteja ndiye aliyekuwa akifaidi ule ukaguzi. Nakubali kwamba hofu hiyo inafanya kazi katika ofisi ya watu wawili au watatu wanaokaa chumba kimoja. Lakini inafanya kazi kwa gharama niliyoieleza: watu hawawaingizi wenzao wasioweza kuwaona kwa macho, na ofisi haikui. Tena uchungaji una njia bora. Sheria inaweza kusema waziwazi kwamba mbia aliyepewa kusimamia kazi ya mwenzake, au aliyejua kosa linatendeka akanyamaza, anadaiwa pamoja naye. Mtaji wa ofisi bado uko hatarini, na hakuna mbia anayependa kuuona mtaji wake ukiteketea. Vilevile leseni haina ukomo. Chama cha Mawakili Tanganyika, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1954, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ya tangu mwaka 1972, Baraza la Madaktari, bodi za wahandisi na wabunifu majengo, vyombo hivi vyote vinamshughulikia mtu kwa jina lake. Kampuni haiapishwi. Anayefutwa kwenye orodha anafutwa yeye, na hakuna cheti cha msajili kitakachomrudisha.

La tatu ni hofu kwamba wenye fedha watanunua taaluma: tajiri atakuwa mwenye ofisi ya mawakili, na wakili atapokea amri kutoka kwa mtu asiyekula kiapo. Hofu hii naishiriki. Kwa sababu hiyo siombi wanataaluma waruhusiwe kuwa kampuni za kawaida zenye hisa zinazouzwa kwa yeyote. Naomba umbo linalomilikiwa na wenye leseni hai pekee, na leseni ya mbia ikikoma, fungu lake linunuliwe na wenzake ndani ya muda uliowekwa. Warithi wa mbia aliyefariki walipwe thamani, wasirithi kiti.

Pingamizi la nne linatoka kwa wanataaluma wadogo wenyewe, na hapa sina jibu kamili. Wanasema bima ya dhima ya kitaaluma ni ghali, taarifa za kila mwaka kwa msajili zina gharama, na mwisho wa yote benki itadai dhamana binafsi kabla ya kukopesha, mwenye jengo naye hivyo hivyo. Ukomo huo, wanauliza, utabaki na maana gani? Kwa upande wa mkopo wana haki. Benki yenye nguvu itajilinda kwa mkataba, na mbia atatia saini. Ila tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Aliyetia saini dhamana ya benki ameona kiasi, ameona tarehe, amekubali kwa hiari. Ukomo wake ameuchagua mwenyewe. Kosa la mwenzake halina kiasi wala tarehe, wala hakuna aliyemwomba saini. Kuhusu bima, gharama inashuka watu wakikata kwa pamoja. Chama cha kitaaluma kinaweza kujadiliana na kampuni za bima, chini ya macho ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kupata mkataba mmoja wa wanachama wote, wa mkoani na wa mjini, kwa viwango vinavyolingana na kazi ya kila mmoja. Hili litachukua miaka, na miaka ya mwanzo ofisi ndogo zitaumia. Afadhali niliseme wazi kuliko kuahidi wepesi ambao haupo.

Niongeze kwamba bima ndiyo inayougeuza mpango huu kutoka fadhila kwa wanataaluma kuwa haki kwa mteja. Mkulima aliyepoteza shamba akimshtaki wakili maskini anaweza kushinda kesi na asipate kitu. Hukumu isiyo na mali nyuma yake ni karatasi. Dhima isiyo na ukomo juu ya mtu asiye na kitu haina thamani yoyote. Bima ya lazima, yenye kima cha chini kilichowekwa na bodi ya taaluma, inaweka fedha halisi mahali palipokuwa na ahadi tupu. Kwa hiyo masharti yawe yameshikamana: asiye na bima hai hana ukomo. Siku bima inapokatika, ngao inaanguka, na wabia wanarudi kubebana kama zamani mpaka waihuishe. Fedha za wateja nazo zikae akaunti ya amana iliyotengwa, na anayezigusa asilindwe na umbo lolote, yeye na kila mbia aliyefahamu.

Limebaki jambo moja ambalo waandishi wa sheria hulisahau, na lisipowekwa sawa linaharibu kazi yote. Madai dhidi ya mwanataaluma huchelewa. Ufa wa jengo huonekana mvua za mwaka wa tatu. Kasoro ya hati ya kiwanja hugunduliwa mwenye kiwanja anapotaka kukiuza. Sheria yetu ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inampa mdai wa mkataba miaka 6, na mdai wa ardhi miaka 12. Ofisi yenye dhima yenye ukomo inaweza kuwa imevunjwa, mtaji umegawanywa, wabia wametawanyika Mwanza na Dodoma, mdai akabaki akibisha hodi mlango usio na mtu. Kwa hiyo kuvunjwa kwa ofisi kusiruhusiwe mpaka msajili apokee vitu viwili: uthibitisho wa bima inayoendelea kwa angalau miaka 6 baada ya kufunga, na jina la mwanataaluma mwenye leseni aliyekubali kwa maandishi kutunza majalada na hati za wateja, akiwa katika mkoa ule ule ambao wateja hao wanaishi.